Baba Hakuimba Kwaya

Kwenye kompyuta ya steshenari yangu, pale Shanwe, kulikuwa na faili moja lililozika watu wengi kuliko padri. Niliita faili lile "Marehemu", basi. Mtu akifiwa hapa Mpanda, akishawapigia ndugu simu na kutafuta turubai, hutuma mtu kwangu na karatasi yenye tarehe za historia ya kusomwa mazikoni: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kuugua. Mimi nafungua faili, nabadilisha jina na tarehe, mengine yanabaki kama yalivyo. Marehemu alikuwa mchapakazi. Marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu wa rika zote. Marehemu ameacha pengo lisilozibika. Dakika kumi, nakala tatu, aje mwingine.

Sikuona ubaya wowote. Walevi nimewaandika wapenda watu, wabishi waliogombana na mtaa mzima nimewaandika wacheshi, na hakuna aliyerudi kulalamika. Watu walinisifu kabisa. "Huyu dada ana mkono wa kuandika," walisema, nami nikavimba kichwa. Nilijiunga hata na kundi la kwenye simu la watu wanaojifunza kuandika hadithi. Mwalimu wake, ambaye hadi leo sijamwona sura, alikuwa anatutumia maelezo ya sauti kila Jumamosi. Nilimsikiliza huku nafagia. Mimi si mtu wa kukaa. Nikisikiliza kitu lazima mikono iwe na kazi nyingine, na nikiandika mistari mitatu lazima niinuke niende mlangoni kuangalia kama kuna lolote, ingawa Shanwe saa nane mchana hakuna lolote, ni vumbi na mbuzi wa jirani.

Hadithi yangu ya kwanza kule kundini ilimhusu mwanamke anayefanya kazi ghorofa ya kumi na moja na kushuka kwa lifti. Lifti sijawahi kuipanda maishani. Mwalimu akauliza swali moja tu: "Huyu mwanamke akiwa ndani ya lifti, mikono yake anaiweka wapi?" Nilikasirika. Watu wote wale wameweka vidole gumba juu, yeye anauliza mikono! Nikamjibu kwamba mikono haihusiani na hadithi, nikazima data.

Baba alifariki Februari ya mwaka ule ule, majaruba ya mpunga ya kwetu Kibaoni yakiwa yamejaa maji na watu wote wako mpungani. Kaka alinipigia asubuhi. Alilia kidogo, akanyamaza, kisha akasema, "Wewe ndiye mwandishi wetu. Njoo na historia ya mzee imekamilika, huku hatuna pa kuchapia." Gari la kwenda Kibaoni lilikuwa linaondoka baada ya saa moja.

Nitasema nilichofanya, maana nimekificha vya kutosha. Saa ile moja ningeweza kukaa nikamfikiria baba yangu. Badala yake nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Niliosha kikombe kilichokuwa safi. Kila nikigusa kiti niliona kama kina moto. Zilipobaki dakika kumi na tano nikafungua faili lile lile. Wa mwisho kuzikwa nalo alikuwa mama mmoja wa Misunkumilo. Nikaweka jina la baba, nikabadilisha tarehe, nikageuza "mama mpendwa" kuwa "baba mpendwa", nikachapa nakala tatu, nikakimbia stendi. Njia nzima, kuanzia Sitalike hadi tunatoka mbugani, karatasi ilikuwa mapajani mwangu na sikuisoma hata mara moja.

Niliisoma mara ya kwanza mbele ya jeneza, kwenye maiki, watu wamejaa hadi nje ya turubai. Tarehe zilikwenda vizuri. Mchapakazi, mcheshi, mpenda watu. Halafu mdomo wangu ukasoma, nami nikausikia ukisoma: "Alikuwa nguzo ya kwaya ya parokia, ambako aliimba sauti ya kwanza kwa miaka mingi, na hakuchoka kuwafunda mabinti waliokuwa wakijiandaa kuolewa."

Baba yangu alikuwa na sauti ya kufukuza nguruwe pori shambani. Kanisani, wimbo ukianza, yeye alifunga mdomo na kuangalia paa. Na mabinti wa Kibaoni walikuwa wanabadilisha njia wakimwona.

Katekista alikohoa. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi, masikio yanawaka, sijui nirudi nyuma au niendelee, na ndipo mtani wetu mmoja akapaza sauti kutoka upande wa masufuria.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezijua. Kwenye misiba yao sisi ndio tunaowasumbua, kwenye yetu wanatusumbua wao, na mtani hakasirikiwi. Huyu ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ya sokoni, anauza samaki wakavu wa Rukwa pale gulioni. Tangu siku ya kwanza ya msiba alikuwa anajilaza mlangoni watu wasipite.

"Sauti ya kwanza!" alisema. "Jamani nyie, huyu mtumwa wangu nimemjua miaka yote, kumbe alikuwa anaimba na kina mama! Ngojeni nimlete mwenyewe aje ajibu."

Akaingia ndani ya nyumba yetu. Alipotoka alikuwa amevaa koti la baba, lile la kaki lenye mfuko mmoja, na buti zake za mpira za majarubani. Akaja katikati na mikono nyuma, kichwa mbele, akikanyaga kwa visigino kama baba. Watu wakaanza kucheka kabla hajasema neno. Akachukua kigoda, akakaa mbele ya sufuria la ugali, akamega tonge, akalifinyanga. Kabla halijafika mdomoni akainua uso, akatazama upande wa mashamba. "Maji!" alinguruma. Akainuka, tonge mkononi, akaenda hadi mwisho wa turubai, akachungulia kama baba akikagua maji ya majarubani, akarudi, akakaa. Akamega tena. Akainua uso. "Maji!"

Alikuwa baba. Sijui niseme vipi. Kwa siku mbili nilikuwa nimetazama mwili wake na picha yake na jina lake kwenye msalaba, lakini yeye mwenyewe nilimwona pale, kwa mwanamke mnene mwenye kilemba. Watu walicheka hadi wakashikana mabega, halafu kilio kikapasuka, hata wanaume. Mama, aliyekuwa hajatoa sauti tangu asubuhi, alicheka. Mtani alipoinuka mara ya pili nilimwona mama akinyoosha mkono na kupapasa mkekani pembeni yake, akitafuta kitu. Nikadhani anatafuta leso. Nikageuza uso kwa aibu.

Hakuna aliyenigombeza. Hilo ndilo lililonimaliza. Siku ya kuanua tanga, wageni wameondoka, nilikuwa nakunja mikeka na mama amekaa kizingitini.

"Mtani alituletea baba yako," alisema, taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wewe ulimzika mtu mwingine."

Nikaomba radhi. Nikaanza kueleza habari za gari na muda na faili. Mama akanyanyua kiganja, nikanyamaza.

Kaka alikuwepo. Alisema misa ya mwaka mmoja, tutakapojengea kaburi, historia itasomwa upya ili watu wasahau ile ya kwanza, na kwamba ameshamwomba katekista aiandike. Nilimwelewa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Lakini mama akatikisa kichwa.

"Ataandika huyu huyu. Aliyekosea njia ndiye anayerudi. Ila ataanza kunisomea mimi. Nisipomwona mume wangu humo ndani, ataandika katekista, na wewe, binti yangu, usishike tena maiki kwenye nyumba hii."

Nikarudi Mpanda na mwaka mmoja mkononi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta lile faili. Nililifuta kwa hasira, na kwenye kapu la takataka la kompyuta nako nikalifuta. Wiki ile ile akaja mwanamume mmoja wa makamo, amefiwa na mke, karatasi ya tarehe mkononi. Nikafungua ukurasa mweupe. Tulitazamana.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikamuuliza.

"Mchapakazi," alisema. "Mcheshi. Mpenda watu."

Maneno yangu mwenyewe! Ameyasikia kwenye misiba ya majirani, ananirudishia. Nikahangaika. Nikainuka kwenda mlangoni, nikarudi, na bila kupanga nikajikuta nimesema, "Akiwa amekaa, mikono yake alikuwa anaiweka wapi?"

"Dada, umekuwa polisi?" Alikuwa amekasirika kweli, hata karatasi aliichukua mezani. Lakini hakuondoka. Alitazama kiti cha wateja kwa muda. "Alikuwa anakung'uta," alisema. "Kila kitu anakikung'uta. Kiti kabla hajakaa. Khanga kabla hajajifunga. Hata mtoto alikuwa anamkung'uta kwanza ndiyo anambeba." Akacheka, halafu akaegemea kaunta na kulia, nami nikaandika. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli kutoka kwenye mashine yangu, na haikuwa yangu.

Nilidhani nimeshajua. Kumbe kumuuliza mtu mwingine habari za wafu wake ni rahisi. Wa kwako ndiye anayekukimbia. Nilinunua daftari kubwa. Niliandika asubuhi kabla wateja hawajaja, na kila siku yalitoka maneno yale yale niliyoyafuta, sasa yamevaa nguo za Jumapili. Kule kundini mwalimu alisema tukae na mhusika wetu, tusimkimbize. Kukaa! Niliandika mstari, nikapanguza printa. Niliandika mwingine, nikaenda kuuliza jirani kama umeme wake umekatika, na wangu unawaka. Kuna siku nilihesabu: niliinuka mara kumi na saba kwa ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe nikauchana.

Hasira nyingine ilikuwa yangu juu ya baba mwenyewe. Nilikuwa sijaitaja kwa mtu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka na nikawa nimefeli, nilisafiri hadi Kibaoni kumwambia kwa mdomo, maana niliogopa asisikie kwa watu. Tulikuwa tunakula. Nikamwambia. Baba akanitazama, tonge mkononi, kisha akainua uso akatazama nje, akainuka, akaondoka. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Maji yameshuka," akakaa, akaendelea kula. Hakusema neno jingine kuhusu matokeo, siku ile wala baadaye. Niliibeba siku hiyo kwa miaka, na sikuwa na nia ya kuisoma mbele ya kaburi. Kwa hiyo kila nilipoandika nilikuwa naizunguka kama shimo barabarani.

Juni nilikwenda kumsaidia mama kuvuna, na ukurasa wangu ndani ya begi. Alikuwa anageuza mpunga juu ya turubai. Nikamsomea nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeandika uzuri mtupu: baba anavyoamka na jogoo, anavyoipenda familia, anavyotembea kwa heshima kati ya mashamba ya kijani, upepo unampepea. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kugeuza mpunga.

"Mzuri sana huyo," alisema. "Angekuwa ndiye mume wangu ningefurahi."

Nilicheka kwa sababu ilichekesha, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nikaenda kumtafuta mtani.

Alikuwa amekaa nyuma ya samaki wake, anafukuza nzi kwa gazeti. Aliponiona akapiga kelele soko zima lisikie kwamba mtoto wa mwanakwaya amekuja, na kwamba leo harudi bila kuimba. Nikamwacha amalize. Nikamwambia nimekuja kujifunza.

"Kujifunza nini?"

"Ulivyomleta baba. Ulifanyaje?"

Alinitazama kama nimemuuliza jinsi ya kumeza mate. "Mtani wangu, mimi nauza samaki. Mtu akija hapa nina kazi gani zaidi ya kumwangalia? Baba yako alikuwa anakuja, anauliza bei, anaondoka. Anafika pale kwenye nyanya, anageuka, anarudi. Kila gulio. Hajawahi kununua safari ya kwanza. Na alikuwa anajua bei."

"Mbona mimi nimekaa naye miaka yote na siwezi?"

"Wewe unatafuta sifa zake. Sifa kila mtu anazo, mwizi naye anazo." Akachukua samaki mmoja, akampindua, akamrudisha. "Tafuta kile anachofanya bila kujua anakifanya. Ukimuuliza anakataa. Hicho ndicho. Haya, lile la maji, ulikuwa hulijui?"

"Nalijua. Silipendi."

"Nani kakuuliza kama unalipenda?" Alinitumbulia macho. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na baba yako akiinuka, mama yako alikuwa anafanya nini?"

Nilijiona mwenyewe mkekani, mdogo, kisha mkubwa, nimemkodolea baba macho mgongoni.

"Sijui," nikasema.

"Hukuangalia," alisema mtani, akaniamuru nimnunulie soda na niondoke, nawafukuza wateja wake.

Swali lile lilinikera kuliko la lifti. Jioni ile nilimuuliza mama: baba akiinuka katikati ya chakula, wewe ulikuwa unafanya nini? Mama akashangaa. "Nifanye nini? Nilikuwa nakaa tu. Ningemkimbilia majarubani?" Nikaliacha.

Lakini yale mengine sikuyaacha. Nilianza kuandika kila nilichokijua na nisichokipenda. Kwamba ng'ombe wa plau aliwabembeleza kwa sauti ya chini, "haya baba, haya mzee wangu," na sisi watoto akatufokea. Kwamba alikuwa anakanusha mvua hata ikimnyeshea, kwa kuogopa kuifukuza kwa kuisifu. Kwamba hakuna siku alimaliza kula bila kuinuka. Na siku moja ya Oktoba, joto limeshika, nikiwa nimeinuka kwa mara ya sita kwenda mlangoni kuangalia hakuna lolote, peni mkononi, nikasimama pale pale. Nilijiona. Kichwa mbele, nakodolea barabara tupu. Ningeweza kunguruma "Maji!" na mbuzi wangenielewa.

Sitasema nilitulia tangu siku hiyo. Sikutulia, na hadi leo siwezi. Lakini niliacha kujipiga vita. Niliandika sentensi, nikainuka, nikatembea hadi mlangoni, na pale mlangoni wakati mwingine sentensi ya pili ilikuwa inanisubiri. Pengine na baba majarubani kulikuwa na kitu kinamsubiri ambacho hakikuwa maji. Sijui. Nilichokifanya ni kuacha kuzunguka lile shimo. Niliandika siku ya matokeo yangu kama ilivyokuwa: nilichosema, tonge, mgongo wake ukitoka mlangoni, muda mrefu, na "Maji yameshuka." Sikuweka kwamba niliumia wala kwamba nilimsamehe. Nilimtumia mwalimu wa kundi ukurasa huo. Alijibu baada ya siku mbili: "Hapa sina swali." Nikazunguka ndani ya steshenari mara nne.

Wiki ya misa nikaenda Kibaoni siku tatu kabla. Kaka alikuwa kaburini na mafundi, saruji na mchanga. Alinisalimia akaniuliza tu, "Mama ameshasikia?" Nikasema bado. Akasema katekista yuko tayari, ameshaandaa ya kwake. Hakusema kwa ubaya. Alitaka siku ya baba ipite salama, na mimi nilikuwa nimeshamwangusha mara moja.

Mchana mama alipika ugali na samaki wa mtani, akaweka bakuli na sahani mkekani kati yetu, tukanawa. Nikamwambia afadhali nisome kwanza, la sivyo chakula hakitanipita kooni. Akasema, "Soma, mimi nakula, njaa haingoji historia." Akamega tonge.

Nikasoma nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimekalia mguu wangu ili usiinuke. Nilisoma koti la kaki na mfuko wake mmoja. Nilisoma gulioni, anavyouliza bei na kuondoka na kurudi. Mama akaguna puani. Nilisoma ng'ombe na "haya mzee wangu", na sisi kufokewa, nikamwangalia kwa wizi nione kama amechukia. Alikuwa anatafuna. Nilisoma kwamba baba yetu hakuimba kwaya, alifunga mdomo na kuangalia paa, na kwamba aliyesema vinginevyo alikuwa mimi. Mama akamega tena. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni. Nikafika siku ya matokeo. Sauti ilianza kunikatika na sikuirekebisha.

"Nikamwambia nimefeli. Baba akanitazama, tonge mkononi. Akainua uso, akatazama nje. Akainuka."

Mama akanyoosha mkono pembeni yake, akapapasa mkekani, akapata sahani tupu, akaifunikiza juu ya bakuli la samaki. Kisha akachukua nyingine akafunika ugali. Alifanya hivyo macho yake yakiwa mlangoni.

Nikaacha kusoma.

Alikuwa na njaa. Tonge lake lilikuwa halijaisha mkononi. Alishusha macho polepole, akaziona zile sahani mbili zilizofunikwa, akauona na mkono wake ukiwa bado juu ya moja, na hakuuondoa. Nami miaka yote ikanirudia kwa mkupuo: sahani ya bati ya rangi ya bluu, iliyobanduka ukingoni, ikishuka juu ya chakula cha baba kabla hajavuka kizingiti. Kila siku. Siku ya matokeo yangu pia. Mimi nilikuwa nimetazama mgongo unaoondoka, na mtu aliyekaa karibu yangu alikuwa anajua kwamba mwenye mgongo atarudi, na akirudi akute chakula kina moto. Na alirudi kila mara. Alirudi siku ile akakaa pale pale, mbele yangu, akala hadi mwisho.

Hilo halikuwemo kwenye ukurasa wangu. Nikainuka haraka kufuata peni kwenye begi.

"Na wewe unaenda wapi?" aliuliza mama. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Siendi popote, mama. Nafuata peni."

"Kaa."

Nikakaa.

"Malizia kusoma," alisema. "Chakula nimeshafunika."